Mpango wa taarifa za siri mtaani: mwongozo kamili wa kuuanzisha bila kumfichua mtoa taarifa

Duka limevunjwa usiku wa kuamkia Jumatatu. Kufikia saa nne asubuhi kijiwe kizima kinajua nani ameuza televisheni kwa bei ya kutupa na bodaboda gani ilibeba mzigo. Mchana mpelelezi anapita nyumba kwa nyumba, na kila mlango unampa jibu lile lile: mimi nilikuwa nimelala. Watu hawa si washirika wa wezi. Wanajua tu kwamba mpelelezi ataondoka jioni, na wao watabaki hapo hapo na majirani zao, na watoto wao watapita njia ile ile kwenda shule.

Mpango wa taarifa za siri ni njia ya kuwawezesha watu hawa waseme wanachokijua bila kulipia kwa usalama wao. Mwongozo huu ni wa viongozi wa mitaa, kamati za ulinzi shirikishi, wazee wa misikiti na makanisa, na yeyote aliyechoka kuona jambo linalojulikana na wote likikosa shahidi. Nimeuandika kwa mazingira ya Tanzania. Aliyeko Kenya ataweka chifu na kamati ya Nyumba Kumi pale ninapotaja mwenyekiti wa mtaa na mjumbe, na mengine mengi yatabaki vile vile.

Kabla ya hatua yoyote, shika swali moja na ulirudie kila mnapoamua jambo: mmoja wetu akitaka kumfichua mtoa taarifa, ataweza? Kama ataweza, hatua hiyo bado ina tundu. Ahadi ya kutunza siri ni nzuri, lakini mtu hulewa, hugombana na mwenzake, huhongwa, hutishwa. Jambo asilolijua kabisa, hata akitaka hawezi kulitoa.

Mpango huu ulivyoanza

Mfano unaofuatwa na wengi ulianzia Albuquerque, katika jimbo la New Mexico, Marekani, mwaka 1976. Mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha mafuta aliuawa kwa risasi, na mpelelezi Greg MacAleese hakuwa na shahidi. Akaiomba televisheni ya mji ule iigize tukio hilo hewani, akatangaza zawadi ya fedha, akaahidi kwamba atakayepiga simu hatatajwa. Mtu mmoja akapiga kueleza gari aliloliona likiondoka karibu na eneo lile. Ndani ya saa 72 watuhumiwa walikuwa mikononi mwa polisi.

Angalia huyo mpiga simu alichokuwa nacho. Hakuona mauaji wala hakumjua muuaji. Alikuwa na gari tu, na pengine mwenyewe hakudhani lina maana. Mtaani kwenu pia taarifa nyingi zenye thamani zitakuwa za namna hiyo: pikipiki isiyo na namba inayoegeshwa mahali pale pale kila Alhamisi, chumba cha kupanga kinachoingiza mizigo usiku, kijana anayeuza simu tano kwa wiki na hana duka. Mkisubiri mtu aliyeona kila kitu, mtasubiri sana.

Kutokana na tukio lile ukazaliwa mpango wa Crime Stoppers, unaosimama juu ya pande tatu: raia wanaouongoza na kuchangisha fedha, vyombo vya habari vinavyotangaza, na polisi wanaopeleleza. Uingereza waliuanzisha mwaka 1988 kama taasisi ya hisani iliyo nje ya jeshi la polisi, na huko anayepiga haulizwi jina. Kenya, Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai ina laini ya bure ya taarifa za siri, 0800 722 203, chini ya kaulimbiu ya Fichua kwa DCI. Kwetu kuna misingi mikongwe zaidi: mabalozi wa nyumba kumi tangu miaka ya 1960, sungusungu walioanzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, na baadaye polisi jamii na ulinzi shirikishi. Yote hayo yana watu na yana moyo. Kinachokosekana mara nyingi ni siri, maana balozi anakaa barazani na kila anayeingia kwake anaonekana.

Hatua ya kwanza: amueni mnapokea nini

Kaeni mwandike, kwa lugha ambayo mama muuza mihogo ataielewa, ni mambo gani mpango unapokea. Uvunjaji wa nyumba na maduka, wizi wa mifugo, pikipiki na nyaya, unyang'anyi, biashara ya dawa za kulevya, silaha, na wanunuzi wa mali ya wizi. Hao wa mwisho msiwasahau, maana kibaka asiye na mnunuzi hana biashara.

Kisha mwandike msichopokea: madeni, ugomvi wa ndoa, migogoro ya mipaka ya viwanja, tuhuma za uchawi, itikadi za siasa. Msipoziba mlango huu mapema, ndani ya mwezi mmoja sanduku lenu litajaa visasi, na polisi wataacha kuwasikiliza. Kuhusu uchawi nasisitiza zaidi. Wazee, hasa wanawake, wamepoteza maisha katika nchi hii kwa tuhuma za namna hiyo, na mpango wa usalama usiwe chombo kingine cha kuwaandama.

Mambo mawili yasipitie kwenu hata kidogo. Tukio linaloendelea sasa hivi ni la simu ya dharura 112. Ukatili dhidi ya mtoto uende moja kwa moja kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au simu 116, ambayo ni ya bure. Rushwa nayo ina njia yake, TAKUKURU, simu 113.

Hatua ya pili: tenganisheni kazi

Watu watano hadi saba wanatosha. Wasiwe wote viongozi wa serikali ya mtaa, na wasitoke familia moja, chama kimoja wala dini moja. Tafuteni watu ambao mtaa tayari unawapelekea siri zao: muuguzi mstaafu, mwalimu, katekista, imamu, mama wa kikundi cha vikoba asiyejulikana kwa umbea.

Kisha gawanyeni kazi namna hii. Mmoja, pamoja na msaidizi, anapokea taarifa na kuziandika upya. Mwingine anazipeleka polisi. Waliobaki wanasimamia matangazo, fedha na kumbukumbu, na hawasomi taarifa zenyewe. Mwenyekiti wa mtaa ajue idadi ya taarifa na matokeo yake, lakini asishike daftari. Wengi watalipinga hili kwa sababu ya heshima ya cheo. Lisimamieni kwa upole bila kurudi nyuma, maana mwenyekiti ni mtu wa kura. Ana wapiga debe wake na ana wapinzani, na siku taarifa itakapomhusu kijana wa mpiga debe wake mtaona kwa nini.

Wekeni pia kanuni ya kujitoa. Taarifa ikimtaja ndugu, mpangaji au mdeni wa anayepokea, anaikabidhi kwa msaidizi na haigusi tena.

Hatua ya tatu: kubalianeni na polisi

Nendeni kwa mkuu wa kituo, na kama kata yenu ina polisi kata, awepo. Msingi wa kisheria upo: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka mtu mwenye habari za kosa azitoe kwa polisi au kwa mwenye mamlaka katika eneo lake, na huyo azifikishe kwa mkuu wa kituo kilicho karibu. Ipo pia Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, inayomlinda anayetoa taarifa kwa nia njema.

Ombeni mambo matatu. Kwanza, afisa mmoja anayejulikana kwa cheo chake ndiye apokee taarifa zenu, na akihamishwa mjulishwe. Pili, askari wasije mtaani wakauliza, "Nani alileta habari hii?" wala kusimamisha gari mbele ya nyumba ya mjumbe wa kamati kabla ya kwenda kukamata. Tatu, kila mwezi mpewe jibu kwa namba ya taarifa: inafanyiwa kazi, imefungwa, au haikuwa na kitu. Bila jibu hilo mpango unakufa taratibu, kwa sababu watu huacha kuongea pale wanapoona maneno yao yametumbukia shimoni.

Kuna jambo gumu la kusemwa hapa. Mitaa mingine haina imani na kituo chake, na wakati mwingine ina sababu. Kama ndivyo, pelekeni makubaliano ngazi ya wilaya, kwa mkuu wa polisi wa wilaya au mkuu wa upelelezi wa wilaya. Kuukataa ukweli huo ili kulinda uhusiano mzuri kutawagharimu watoa taarifa, si nyinyi.

Hatua ya nne: fungueni njia za kuleta taarifa

Hapa ndipo mipango mingi huanguka, na huanguka kwa sababu ya simu.

Tanzania kila laini imesajiliwa kwa alama za vidole. Na hata usipokuwa polisi, ukiwa na namba ya mtu unaweza kuanza kumtumia fedha kwa simu, na jina lake kamili likatokea kwenye kioo kabla hujathibitisha. Kwa hiyo mtu akiwapigia au kuwatumia ujumbe mfupi, tayari mnalo jina lake, hata kama hamkuliuliza. Kundi la WhatsApp ni hatari zaidi: namba ya kila mwanachama inaonekana na wote, na picha ya skrini husambaa kabla msimamizi hajaamka. Makundi hayo yanafaa kwa matangazo ya ulinzi na kwa mbuzi aliyepotea. Taarifa za siri zisiwekwe humo kamwe, na mtu akiziweka zifutwe papo hapo, naye aelekezwe kwingine faraghani.

Basi fanyeni hivi. Kama mtakuwa na simu, iwe simu ya kitochi yenye laini ya mpango, ikae na mpokeaji mmoja, isihifadhi majina, na kumbukumbu za simu na ujumbe zifutwe mara taarifa inapoandikwa. Waambieni watu ukweli: kampuni ya simu inabaki na rekodi ya simu iliyopigwa, na mahakama inaweza kuiagiza. Anayeogopa hilo atumie karatasi.

Sanduku la karatasi linadharauliwa kwa sababu ni la kizamani, ilhali kwa mtaa wa kawaida mimi ningelianza nalo. Siri yake iko mahali linapowekwa. Likikaa ofisi ya serikali ya mtaa, kila anayelisogelea ameshajitangaza. Liwekeni pale ambapo kila mtu ana sababu nyingine ya kufika: zahanati, msikiti, kanisa, shule, mashine ya kusaga. Wekeni mawili au matatu kwa wakati mmoja, yapokee pia maoni ya maji na taka, ili karatasi ya uhalifu ijifiche katikati ya nyingine. Kila sanduku liwe na kufuli mbili, funguo kwa watu wawili tofauti, lifunguliwe siku maalumu nao wote wakiwepo. Wanaoogopa mwandiko wao kutambulika waandike kwa herufi kubwa zilizotenganishwa.

Njia ya tatu ni mtu. Bibi asiyejua kuandika atamwambia imamu au mama mchungaji. Huyo msikilizaji afundishwe jambo moja tu: alete habari na amwache mwenye habari nyuma.

Picha na video zina hatari yake. Faili ya picha inaweza kubeba ndani yake saa na mahali ilipopigwa, na hata ukiyafuta hayo, pembe ya picha yenyewe inaonyesha ilipigwa kutoka dirisha gani la nyumba ipi. Mpokeaji aiangalie, aandike kinachoonekana kwa maneno, na kama mtoa taarifa hajaridhia, picha isiende popote.

Hatua ya tano: ulizeni, kisha andikeni upya

Mtu anapoongea, msimuulize jina. Akianza kulitaja, mkatizeni. Muulizeni haya: nini kimetokea au kinatokea, wapi hasa, lini, na kama kinajirudia, siku na saa zipi, nani, kwa jina, lakabu, umbo, mavazi au chombo anachoendesha, mali iko wapi sasa. Halafu swali ambalo uzito wa taarifa yote umelilalia: hili umeliona kwa macho yako, umeambiwa na aliyeona, au umelisikia likizungumzwa? Jibu liandikwe kama lilivyo. Taarifa ya kusikia haikataliwi, ila isivishwe nguo ya ushahidi wa macho.

Sasa kazi inayotaka akili. Mpokeaji aiandike upya taarifa hiyo ili isimwelekeze mtu kwa aliyeitoa. "Nilipokuwa nakamua ng'ombe saa kumi alfajiri nikamwona akiruka ukuta" inakuwa "alionekana akiruka ukuta wa mashariki kabla ya alfajiri." Mtaani anayekamua ng'ombe saa hiyo ni mmoja. Mahakama ya Juu ya Kanada ililisemea jambo hili mwaka 1997 katika kesi ya Leipert, pale mshtakiwa alipotaka apewe karatasi ya simu iliyopigwa Crime Stoppers. Mahakama ilikataa, kwa hoja kwamba pale mtoa taarifa asipojulikana, hata kipande kidogo cha habari kinaweza kumtambulisha kwa mshtakiwa. Majaji walijua kwamba mhalifu anawajua majirani zake kuliko korti inavyowajua.

Baada ya kuandika, taarifa ipewe namba, na mtoa taarifa apewe namba hiyo hiyo. Kwa wanaotumia sanduku, mwaombe wajichagulie neno na tarakimu na kuziandika juu ya karatasi. Majibu yabandikwe kwenye ubao wa mtaa kwa namba tu. Karatasi ya asili ichanwe au ichomwe mbele ya watu wawili. Kinachobaki ni daftari lenye namba, tarehe, aina ya kosa, siku ilipopelekwa polisi na matokeo.

Hatua ya sita: pimeni, wala msihukumu

Taarifa ya siri ni mwanzo wa upelelezi, na thamani yake inaishia hapo mpaka ithibitishwe. Mwaka 1995 polisi wa Miami walipigiwa simu na mtu asiyejitaja, akisema kijana mweusi mwenye shati la mirabamiraba aliye katika kituo fulani cha basi ana bastola. Walimkuta, wakampekua, na bastola walikuta. Hata hivyo mwaka 2000 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja, iliamua kwamba upekuzi ule haukuwa halali. Simu ile ilieleza sura ya mtu tu, jambo ambalo yeyote mwenye chuki angeweza kulieleza. Haikuonyesha kwamba mpigaji alikuwa na ujuzi wowote wa uhalifu wenyewe. Nchi nyingine, sheria nyingine, lakini kipimo hicho kinafaa kutumika na kila mpokeaji: je, taarifa hii ina jambo ambalo adui wa kawaida asingelijua?

Linganisheni pia taarifa zenyewe kwa zenyewe. Karatasi tatu za mwandiko mmoja si mashahidi watatu. Taarifa mbili kutoka njia tofauti, zikikutana kwenye saa na mahali, zina uzito. Na wakumbusheni watu kwenye kila tangazo kwamba kutoa taarifa ya uongo kwa makusudi ni kosa la jinai.

Jina lililotajwa kwenye taarifa lilindwe kwa ukali ule ule mnaomlinda nao aliyelitaja. Kwenye magazeti yetu tumezoea kusoma kwamba mtu ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Wengi wa waliochomwa moto hawakuwahi kusikilizwa na yeyote, na wengine walipita tu njia hiyo. Jina likitoka kwenye daftari lenu likafika kijiweni, damu itakayomwagika ni juu ya mpango. Kwa hiyo mjumbe wa kamati asifuatilie, asivizie, asipekue chumba, asimhoji mshukiwa, wala asimwonye mama yake kwa nia njema. Apeleke kituoni tu.

Hatua ya saba: zawadi, kama mtaihitaji

Ushauri wangu ni kuanza bila fedha. Watu wengi husema kwa sababu wamechoka kuibiwa, na hata kwenye mipango ya Marekani yenye zawadi, wengi wanaostahili hawaendi kuzichukua. Fedha inayotangazwa mapema huvuta majina ya kubuni.

Mkiamua kutoa, lipeni kwa matokeo yaliyothibitishwa na polisi, kama mtu kukamatwa au mali kupatikana, na kiasi kipangwe na wajumbe wasiosoma taarifa, kwa kuangalia namba tu. Msitume kwa M-Pesa wala mtandao wowote wa simu, kwa sababu ile ile ya jina kutokea. Baadhi ya mipango huko Marekani huacha bahasha benki, na mtu huichukua kwa kutaja namba. Mtaani bahasha iliyofungwa inaweza kukaa na mtu wa nje ya kamati, hata kata ya jirani, asiyejua ndani yake mna nini, akaikabidhi kwa anayetaja namba na neno la siri. Kama hamna mtu wa namna hiyo, acheni zawadi.

Hatua ya nane: tangazeni

Tangazeni kwenye mkutano wa hadhara, baada ya sala ya Ijumaa na ibada ya Jumapili, vijiweni, na kwenye redio ya jamii kama ipo. Msiishie kusema "toeni taarifa." Elezeni tukio moja halisi na mseme mnachotafuta: "Usiku wa tarehe fulani transfoma ilifunguliwa nyuma ya soko. Aliyeona gari au pikipiki eneo hilo kati ya saa saba na saa kumi usiku atuambie, hata kama hakuona sura." Watu hukumbuka wanapoulizwa kitu mahususi. Kila mwezi someni matokeo kwa namba, pamoja na taarifa zilizoshindikana.

Siri ikivuja

Itokeapo kwamba mtu ametajwa, simamisheni kupokea taarifa siku hiyo hiyo. Mtu huyo kwanza: aulizwe anataka nini, apelekwe kwa mkuu wa kituo au ngazi ya wilaya kama kituo ndicho kilichovujisha, na kama anahitaji kulala kwingine kwa muda, mfuko wa mpango umsaidie nauli na chakula. Kisha fuateni njia ya taarifa hiyo hatua kwa hatua, tangu mdomoni mwake hadi kituoni, mpaka tundu lionekane. Aliyevujisha aondoke kwenye kamati hata kama ni mwanzilishi. Uambieni mtaa kwamba siri ilivuja na mmefanya nini, bila kumtaja aliyeumizwa. Badilisheni laini, kufuli na mpokeaji, na msifungue tena mpaka mkuu wa kituo na wajumbe wote wameipitia njia mpya kwa pamoja, kwa taarifa ya majaribio iliyoletwa na mtu wasiyemjua.